Bustani ya muji: mbele ya kukata utepe, mutuambie nani atalipa mutunza bustani



Malori ya mbao yanapita hapa Marabo yakitoka upande wa Komanda na Mambasa kuelekea Bunia, kiisha mbao zingine zinaendelea mpaka Uganda na Kenya. Mutoto wa Bunia anajua bei ya ubao wa libuyu. Muulize sasa majani ya libuyu yako namna gani, ao muti wenyewe unachukua miaka ngapi kukomaa: atakuangalia tu. Kwake libuyu ni kitu kinachokuja kimelala juu ya lori.

Juu ya ile, sisi vijana tunataka Bunia iwe na bustani ya mimea, ya leta, yenye mulango wazi kwa kila mwanainchi. Jimbo letu njo lenye Hifadhi ya Okapi, karibu kilometa za mraba 14,000 za pori, iliyoundwa mwaka 1992 na kuandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1996. Muji mukubwa wa jimbo kama hilo unastahili mahali ambapo miti yake inasimama na majina yake.

Lakini tusidanganyane. Kupanda miti ni kazi ya siku moja, na kila mukubwa anapenda kupigwa picha akishika jembe. Swali letu leo ni la mwezi wa pili, wa sita, wa makumi mbili: nani atalipa mutu anayemwangilia maji?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Bustani ya mimea siyo maua ya kupamba rond-point. Kila muti pale uko na kibao: jina, mahali mbegu ilitoka, mwaka ulipopandwa. Kuna kitalu cha miche, kuna daftari, na mara nyingi kuna nyumba ya kutunzia majani yaliyokaushwa ambayo watafiti wanatumia. Ni masomo, ni akiba ya mbegu, na ni mahali pa kupumuzika. Daftari likipotea, inabaki tu uwanja wenye miti.

Ituri inajua bei ya daftari. Wakati wa vita vya miaka ya 1996 mpaka 2003, mutaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki Epulu wakati wakubwa wa kazi walikuwa wamekimbia. Alificha mikusanyo ya mimea na vyombo vya utafiti visiibiwe, na yeye mwenyewe ikafika wakati akajificha porini. Mwaka 2005 alipewa tuzo la Goldman, ambalo ni kubwa sana duniani kwa watu wanaolinda mazingira. Tunamuheshimu. Lakini inchi haiwezi kujenga mupango wake juu ya tumaini kwamba kila mara atapatikana mutu mumoja wa kuhatarisha maisha yake. Kazi ya leta ni kufanya hivi mutu wa kawaida, mwenye mushahara wa kawaida, aweze kuifanya bila kuwa shujaa.

Tuangalie sasa inchi yetu. Bustani tatu za mimea njo zinajulikana zaidi: Eala karibu na Mbandaka, Kisantu katika Kongo-Central, na ile ya Kinshasa. Ituri haimo.

Eala ilianzishwa mwaka 1900, kwenye hekta zaidi ya 300. Zamani ilikuwa kati ya bustani kubwa za Afrika. Halafu miaka ikapita, vyombo vikakosekana, mishahara ikachelewa ao haikuja kabisa. Watu wa pembeni wakaingia kulima na kutafuta kuni. Tusiwalaumu haraka: mutu mwenye njaa akiona shamba lisilo na mulinzi na lisilo na faida kwake, atafanya nini? Eala haikuangushwa na bomu. Ilidhoofika polepole, kwa sababu karatasi ilisema ni mali ya leta, na leta haikuwa pale kila mwisho wa mwezi.

Kisantu, iliyoanzishwa na mumisionari Mujesuiti Justin Gillet, na Kinshasa zilipata bahati ingine. Zilitengenezwa upya kwa feza za Umoja wa Ulaya, na ile ya Kinshasa ikafunguliwa tena mwaka 2010. Leo watu wanaingia, wanafunzi wanajifunza, waarusi wanapiga picha. Ni jambo zuri. Lakini kila muradi wa wafazili uko na tarehe ya mwisho, na muti hauna. Libuyu ikipandwa leo, mutoto wa mutoto wetu njo ataiona ikiwa kubwa. Muradi wa miaka mitano utakuwa umefunga ofisi zamani sana.

Tuvuke mupaka. Wafanyabiashara wa Bunia wanaoenda Kampala wanajua Entebbe. Pale kuna bustani ya mimea pembeni ya ziwa tangu mwaka 1898. Iko chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, na muingiaji analipa mulangoni. Nairobi iko na Arboretum ya mwaka 1907, hekta 30 hivi katikati ya muji, na shirika la misitu la serikali linafanya kazi pamoja na chama cha marafiki wa ile bustani, kilichoundwa na wanainchi wenyewe.

Na kuna Karura, msitu ndani ya Nairobi. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale kwa sababu walikwenda kupanda miti ili kupinga kugawanywa kwa ule msitu kuwa viwanja vya kujenga. Walishinda. Kiisha chama cha wanainchi kikaingia katika usimamizi pamoja na serikali, uzio ukajengwa, na watu wakaanza kulipa kidogo ili waingie. Msitu ambao watu waliogopa ukawa mahali pa kutembea na watoto. Lakini mwaka 2025 kukawa mabishano makali: feza za mulangoni ziingie moja kwa moja kwenye mufumo wa malipo wa serikali, ao zibaki chini ya usimamizi wa pamoja? Yakafika mpaka mahakamani. Mafundisho kwetu ni haya: adui wa kwanza wa bustani ni yule anayetaka kuikata parseli. Ukishamushinda, shida inayofuata ni sanduku la feza. Afazali kuandika mapema nani anashika ufunguo wake.

Wengine watasema: mulango utalipa kila kitu. Tufanye hesabu ya mufano tu. Tuseme bustani ndogo iko na wafanyakazi 10, watunza na walinzi, kila mumoja dola 120 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 14,400, bila kuhesabu maji, vyombo na uzio. Tuseme tena watu 50 wanaingia kila siku, siku 300 kwa mwaka, kila mutu nusu dola. Ni dola 7,500. Nusu ya mishahara tu. Ukipandisha bei ili kufunika pengo, mutoto wa muuza makala haingii tena, na ile inakuwa bustani ya wenye magari. Kwa hiyo mulango usaidie, lakini musingi lazima uwe bajeti ya muji na ya jimbo.

Feza iko wapi? Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na ikatwe pale pale yanapopatikana. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na shefferi inasema hizo nazo zipate 40% ya fungu la jimbo. Tunajua vizuri kwamba ile feza inakuja ikichelewa na ikiwa imepunguka. Lakini hata ile kidogo inayofika, wanainchi wanayo haki ya kusema itumike namna gani. Kivu ya Kusini ilionyesha njia: zaidi ya miaka kumi iliyopita komini za Bukavu zilijaribu bajeti shirikishi, watu wakakutana, wakachagua kazi za kufanya, wengine wakapiga kura kwa mesaji ya simu. Kama Bagira iliweza, Bunia inashindwa nini?

Sasa tujibu wanaotuuliza kwa hasira: «Watu wanalala ndani ya mahema Kigonze, wengine wanachinjwa mashambani, na nyinyi munaongea miti?» Swali ni la haki. Marabo iko kwenye barabara hii hii. Hatuhitaji kufundishwa vita ni nini. Jibu letu liko na sehemu mbili. Ya kwanza: hakuna hata franka moja ya usalama ao ya wakimbizi iondolewe kwa ajili ya bustani, na hakuna mukimbizi afukuzwe mahali alipo ili bustani ipandwe. Mukubwa akijaribu, tutakuwa wa kwanza kumupinga. Ya pili: amani itarudi juu ya udongo upi? Muji unaokua mbio kwa sababu ya vita unakula viwanja vyake vyote. Siku tutasema «sasa tuko tayari kwa bustani», kila kipande cha wazi kitakuwa kimeisha kuuzwa na kina karatasi tatu za watu watatu. Kulinda kiwanja leo hakuombi feza nyingi. Kukirudisha kesho kutaomba kesi za miaka na miaka.

Na tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura: gavana ni mwanajeshi, wameya na wabugumesti ni polisi. Mukubwa anakuja na kuondoka kwa amri moja ya Kinshasa. Kwa hiyo bustani isikae ndani ya ahadi ya mukubwa yeyote. Ikae ndani ya karatasi.

Tunaomba hivi:

1. Kiwanja cha leta kitafutwe wazi, kipimwe, kiandikwe kwenye kadasta kwa jina la muji, na ramani yake ibandikwe meri ili kila mutu aione. Kisiwe na wakaaji wala kesi.

2. Muanzo uwe kitalu tu. Miche, daftari, watu wachache wenye mushahara. Hakuna munara, hakuna sanamu, hakuna ofisi ya mukurugenzi mbele ya mutunza wa kwanza kulipwa miezi 12 bila kukosa.

3. Mishahara iwe na mustari wake ndani ya bajeti ya muji, kwa jina lake. Ikifichwa chini ya «matumizi mengine», tutajua imeisha kuliwa.

4. Mulangoni wanafunzi waingie bure, na siku moja ya juma wote waingie bure. Kila anayelipa apewe risiti. Kila mwisho wa mwezi, mapato na matumizi yaandikwe kwenye ubao pale mulangoni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

5. Kuwe na kamati ya usimamizi yenye watu wa meri, wa vyuo vikuu vya Bunia, wa kituo cha INERA cha Nioka, wamama wa soko, walimu na vijana. Ufunguo wa sanduku ushikwe na watu watatu wasiotoka ofisi moja.

6. Mbegu na miche ya pori inunuliwe kwa wanakijiji na kwa Wambuti wanaoijua, kwa bei ya haki. Na kibao cha kila muti kiandikwe majina yote: Kibira, Kilendu, Kihema, Kilese, Kialuru, Kimbuti, pamoja na lile la Kilatini. Katika jimbo ambalo watu wameuana kwa sababu ya majina ya makabila, watoto wasome kwamba muti ule ule kila mutu aliupa jina katika luga yake, na kivuli chake ni kimoja.

Na sisi? Hatutakaa kwenye simu tu tukiandika. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia wakubwa peke yake ao pamoja na wengine. Tutapita kartiye kwa kartiye, Mbunya, Shari, Nyakasanza, na huku Marabo pia, kukusanya sahihi kwa amani, bila jiwe na bila matusi. Siku ya salongo tutakuja na majembe. Lakini tunasema mapema: salongo yetu ni musaada. Isigeuzwe kuwa njia ya kukwepa kulipa wafanyakazi.

Wewe unayesoma, kazi yako ya kwanza ni ndogo. Uliza katika kartiye yako: kiwanja cha wazi kilichobaki ni kipi, na karatasi yake iko kwa nani? Andika jibu, leta kwetu. Kabla ya kuongea miti, tujue udongo ni wa nani.

Vijana wanainchi, Marabo na Bunia