Taa Hazichezi Gemu

Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu ilikufa saa mbili na nusu za usiku, msimu wa vuli, nyumbani kwetu Chake Chake, wakati umeme unarudi. Sikusema unakatika. Ulikatika magharibi, tukasali, tukala. Uliporudi friji ilinguruma, taa ya barazani ikawaka kwa ukali usio wake, na chumbani kwangu ukasikika mlio mdogo kama wa punje inayopasuka kwenye makaa. Halafu ikaja harufu. Mama akauliza nani anachoma plastiki.

Sanduku lile nililinunua Unguja miezi saba kabla, kwa shilingi 1,200,000 nilizozikusanya kwa misimu miwili ya kuchuma karafuu na kazi ya kupiga picha harusini. Lilikuwa na kioo ubavuni na feni nne zinazobadilika rangi. "Hii, kaka, ni ya gemu," muuzaji aliniambia, na mimi sikuuliza ndani mna nini. Nililipakata kwenye boti mpaka Mkoani kama mtoto mchanga.

Fundi wa mjini alilifungua, akatoa pawasaplai na kuniwekea kiganjani. "Sikia uzito wake." Ilikuwa nyepesi kama boflo. Haikuwa na jina la kiwanda, ila kibandiko kilichodai wati 600. Ilipokufa haikufa peke yake, iliondoka na mazabodi. Fundi alifuta mikono akasema, "Wamekuuzia taa, mwanangu."

Hasira ile nimeipa muda ipoe na haijapoa, kwa sababu tangu siku hiyo nimeona masanduku mengine ya namna hiyo yakiteremka kwenye boti. Wengi wetu tunachagua kompyuta ya gemu kinyumenyume. Tunaanza na kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa kwenye video za YouTube, kisha tunatazama taa, na pesa zikibaki ndipo tunanunua vile visivyoonekana. Kwa anayeishi Pemba mpangilio huo ni wizi anaojifanyia mwenyewe. Anza na pawasaplai, mazabodi na kasha. Kadi ya grafiki iwe ya mwisho.

Nianze na umeme. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kutuletea umeme mwaka 2010, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Waya ule ulibadilisha maisha yetu na sitaki kuutukana. Lakini kisiwa kinachovuta umeme kutoka ng'ambo ya bahari kiko mwisho wa mstari, na walio mwisho wa mstari ndio wanaoujua umeme mdogo, unaozungusha feni kama aliyeshiba, na umeme unaorudi kwa kishindo. Mnunuzi wa London anaweza kuiona pawasaplai kuwa kitu cha pembeni. Kwetu ndiyo mlinzi wa mlango.

Kwa hiyo soma kibandiko. Kwenye mstari wa umeme unaoingia, pawasaplai nyingi nzuri huandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake jioni volti zikishuka, mtaa mzima ukipiga pasi, bado ina nafasi ya kuhimili. Nyingi za bei ya kutupa huandikwa 200 hadi 240, au zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya kuchagua 115 au 230. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, inakueleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haikwambii kama utalindwa. Kinacholinda ni saketi za kukata umeme unapozidi, unapopungua au unapopiga shoti, na kiwanda chenye kuziweka hujisifu nazo kwenye boksi. Tazama na miaka ya waranti. Sisemi utairudisha Taiwan kwa boti ya Mkoani. Nasema kiwanda kinachoahidi miaka 10 kimepiga hesabu zake, na duka linaloahidi wiki mbili limepiga zake pia.

Ubaya wa pili hauna harufu, ndiyo maana unawapata hata wajanja. Ni wa soketi, ile sehemu ya mazabodi inapokaa prosesa. Chukua mfano wa AM4 ya AMD, iliyotoka mwaka 2016. Aliyenunua mazabodi ya B350 mwaka 2017 aliweza, mwaka 2022, kusasisha BIOS na kuweka Ryzen 7 5800X3D, mojawapo ya prosesa kali kabisa za gemu za wakati huo. Miaka mitano, na mazabodi ni ile ile. Upande wa pili, Intel mwaka 2017 ilitoa kizazi cha nane cha prosesa zake kwenye soketi yenye pini 1151, sawa na ya kizazi kilichotangulia, na bado ikataka mazabodi mpya. Pini zililingana, mlango ukafungwa.

Sisemi kampuni moja ni malaika. AM4 nayo imefika uzeeni, na AM5 iliyoanza mwaka 2022, ambayo AMD imeahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea, haipokei RAM ya DDR4. Soketi zote hufa. Unachopaswa kuuliza dukani ni umri uliobaki siku unayolipa. Muuzaji akikujibu "hii ina nguvu sana, kaka", hajakujibu. Muulize prosesa bora kabisa inayoingia kwenye mazabodi hii ni ipi, na iko mbali kiasi gani na hii anayokuuzia. Ikiwa unayonunua ndiyo ya mwisho kwenye ngazi, umenunua ghorofa isiyo na nondo za kupandishia nyingine.

Kuna wanaodhani wamepata njia ya mkato: kompyuta zilizotumika maofisini, zinazoshushwa kutoka Ulaya na Dubai. Nimewahi kuwa na moja. Ni chuma kigumu, bei yake ya kibinadamu, na kwa kuandika na kusoma sina neno nayo. Lakini nyingi zimetengenezwa zisirekebishwe na mtu baki. Plagi za pawasaplai ni za kiwanda chenyewe, mazabodi haikubali kuhamia kasha jingine, na hakuna waya wa kulisha kadi kubwa ya grafiki. Wakati kanuni ya ATX ipo tangu mwaka 1995, inayoweka wazi matundu ya skrubu yakae wapi ili cha kampuni hii kiingie kwenye kasha la kampuni ile. Aliyeamua kuikwepa hakusahau, aliamua. Ongeza hili: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inazikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo kabla ya kizazi cha nane. Nchi tajiri zinapozitoa mashine hizo maofisini, sisi tunaziita nafuu. Ndiyo, unaweza kuweka Linux, na tangu mwaka 2018 Proton ya Valve inafanya gemu nyingi za Windows zichezeke humo. Lakini baadhi ya gemu za mtandaoni bado zinakataa, na hilo ulijue kabla hujatoa pesa.

Nawasikia wazee wa kijiweni: mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimetupiwa mara nyingi, na mara zote na mtu ambaye jembe lake halijapata kuvunjikia katikati ya msimu. Mkulima wa Pemba anachagua. Anaugonga mpini, anautazama muungano wa chuma, anauliza fundi ni nani. Asiyechagua ni yule anayelimiwa. Nenda ukamtazame fundi wa jahazi: ubao uliooza anautoa, anaweka mwingine, na chombo kinarudi baharini kwa jina lake lile lile. Hakuna mwenye jahazi anayeambiwa ubao mmoja umeoza, kwa hiyo nunua jahazi jingine. Sisi wajukuu wake tunaambiwa hivyo kila siku na tunaitikia.

Na ipo sababu ya mfukoni. Nyumba nyingi za Pemba hazipati pesa kwa mwezi, zinapata kwa msimu. Karafuu zikizaa, kuna bati jipya na harusi. Mwaka ukiwa mdogo, kila kitu kinangoja. Kompyuta inayokua kipande kwa kipande imekaa kama pesa yetu inavyokuja. Hivi ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Msimu wa kwanza: kasha jeusi lenye wavu mbele na chujio la vumbi, pawasaplai ya wati 650 ya kiwanda kinachojulikana, mazabodi yenye nafasi nne za RAM, prosesa ya Ryzen 5 5600G ambayo ina grafiki ndani yake, RAM ya GB 16 kwa vijiti viwili, na SSD. Taa hakuna. Nilicheza GTA V kwa mipangilio ya chini na rafiki zangu walinicheka. Msimu uliofuata binamu yangu alikuja likizo kutoka Muscat na kadi ya grafiki iliyotumika, ameifunga ndani ya kanzu zake. Niliichomeka kwa dakika kumi, kwa sababu wati zake zilikuwa zimengoja pale tangu mwanzo. Hawakucheka tena.

Wapo waliosema ningojee tu, vifaa hushuka bei. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote, kwa kuwa viwanda viligeukia wateja wakubwa wa akili mnemba. Anayengoja bei ishuke amemkabidhi mtu mwingine kalenda yake. Mwenye mazabodi yenye nafasi mbili tupu hangoji, anaongeza siku nafasi ikipatikana.

Kuna hoja moja naiheshimu: nunua PlayStation, yaishe. Kama unataka mpira tu na marafiki sebuleni, sina ugomvi na wewe, kanunue. Lakini ikipitwa, inapitwa nzima. Na haitakuhariria video ya harusi itakayolipia kadi inayofuata. Ami yangu ana hoja fupi zaidi, kwamba haya yote ni machezo. Ni kweli, ami. Nilitaka kucheza, na sitaki kujificha nyuma ya neno elimu. Ila anayecheza naye ana haki ya kutoibiwa.

Utunzaji nao una desturi zake hapa. Hewa ya bahari ina chumvi, masika ina unyevu, na vumbi jekundu linaingia hata kwa dirisha lililofungwa. Lifungue kasha kila baada ya miezi michache, lipulize, na mara moja kwa miaka kadhaa badilisha ile pesti ya kijivu baina ya prosesa na hitsinki. Nunua UPS ndogo, hata ya dakika tano. Na usisasishe BIOS bila hiyo UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi nzima inaweza isiamke tena.

Sijasema bado linaloniuma zaidi. Kinachoingia Pemba kwa meli ni nadra kuondoka. Nyuma ya nyumba yetu, karibu na mgomba, kuna televisheni mbili, redio, friji ya bibi na sasa lile sanduku lenye kioo. Hakuna boti inayokuja kuyachukua. Kila muuzaji anayeleta kitu kisichotengenezeka anatuachia kaburi la kuchimba wenyewe, ndani ya kisiwa ambacho gari linakimaliza kwa asubuhi moja. Kuchagua sehemu zinazobadilishika ndiyo kura pekee niliyo nayo katika jambo hili. Kura hiyo sitaitoa kwa ajili ya feni za rangi.

Pawasaplai ya kwanza nimeiweka mezani. Nilidhani itanifaa kuzuia karatasi, lakini ni nyepesi mno, upepo wa kaskazi unaisogeza. Chini ya meza liko kasha jeusi, mwaka wa nne sasa. Mwezi uliopita umeme ulirudi kwa kishindo kile kile, friji ikanguruma, taa ya barazani ikaungua. Nilisubiri harufu, na haikuja.

Wageni wakiingia chumbani huuliza kama imezimwa.