Barua ya Sifa: Nani Aiandike?

Miongoni mwa vijana wetu wafanyao kazi katika ofisi na benki, wako wanaotamani kusoma usimamizi wa biashara katika vyuo kama Strathmore hapa Nairobi, au Harvard kule Marekani, ambako chuo cha biashara kilianzishwa katika mwaka 1908. Harvard hutaka barua mbili za sifa. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kijana humwendea mkubwa wake, naye kwa wingi wa shughuli humjibu, "Andika mwenyewe, uniletee nitie sahihi."

Neno hilo ni tamu, lakini yafaa kulikataa. Hata kama kila sifa iliyomo ni kweli, barua hiyo ni ya uwongo, kwa kuwa chuo kimeomba ushuhuda wa mtu mwingine, nawe umejishuhudia. Mkulima anunuapo ng'ombe hatosheki na maneno ya mwenye kuuza. Humwuliza jirani aliyemwona akikamuliwa. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena vyuo vingi hutumia maswali yaliyotungwa na baraza linalosimamia mtihani wa GMAT. Mwenye kuandika barua huulizwa mwombaji yukoje akilinganishwa na wenzake wa kazi ile ile, na atoe mifano. Kisha huulizwa ni shauri gani kubwa la kumrekebisha alilompa, naye alilipokeaje. Ajisifuye hukwama hapo. Atataja kosa lisilo kosa, kwamba anapenda kazi kupita kiasi! Lakini mkubwa aliyekuonya kweli, akakuona ukijirekebisha, ana jibu, na jibu hilo ndilo linalozipa uzito sifa nyingine zote.

Kwa hiyo usikimbilie majina makubwa. Mheshimiwa aliyekutana nawe arusini ataandika tu kwamba u kijana mwenye tabia njema. Karani mkuu aliyekagua vitabu vyako miaka mitatu anajua siku hesabu zilipokataa kulingana, nawe ukakaa mpaka usiku kuzitafuta shilingi zilizopotea.

Pengine utauliza, "Nitaiaminije barua nisiyoiona?" Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi aliyekwisha kupokelewa chuoni haki ya kusoma barua zilizomo katika faili lake, ila aweza kuiacha haki hiyo kwa kutia sahihi. Ni vema kuiacha, maana barua iliyoandikwa kwa siri huaminiwa zaidi. Ukiwa na shaka, uliza mapema: "Je, Bwana, waweza kunisifu kwa moyo mweupe?" Akisitasita, mshukuru, ukamtafute mwingine.

Na yule asemaye uandike mwenyewe, mpelekee karatasi moja, mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho. Orodhesha kazi ulizofanya, miaka yake na hesabu zake, pamoja na makosa aliyokurekebisha. Yeye ayageuze kuwa maneno yake. Huko ni kumkumbusha tu, wala si kumsemea.

Nanyi wakubwa wa kazi, kumbukeni kwamba sahihi ni jina la mtu. Ukiitia chini ya maneno usiyoyapima, kijana wa pili utakayemsifu kwa haki hataaminiwa.