Msitu ni Dhamana, Si Kivutio Tu



Anayewaonyesha wanakijiji filamu ya misitu na wanyama huwaonyesha mambo mawili kwa pamoja: picha na maneno. Picha haina ubishi. Tembo ni tembo. Maneno ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba tembo yule ni wa nani. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatafakari.

Mwaka jana nilihudhuria onyesho la namna hiyo katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Kitambaa cheupe kilitundikwa kati ya miembe miwili, jenereta likanguruma, watu wakajaa. Filamu ilisimulia kwa Kiingereza, na kijana mmoja akatafsiri kwa kipaza sauti. Ulipotokea msitu, alisema "kivutio". Alipopita mnyama, alisema "maliasili". Mwishoni bendera ikapepea, tukaambiwa tujivunie. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami akauliza, "Mwalimu, hivyo vivutio vinamvutia nani?"

Swali lile ni la lugha na la siasa pia. Kivutio hakikamiliki bila mgeni wa kuvutwa. Maliasili huanza na mali, na mali huulizwa bei. Hata pori tumelifanya tusi kwa mtu asiye na adabu. Tunaambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika simulizi lile mwenyeji hakutajwa, ingawa anaishi kandokando ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi au wa Ruvu Kusini na anaujua kwa njia zake.

Kasoro hii si ya leo. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, ya mwaka 1959, ilipata tuzo ya Oscar. Na ni katika miaka hiyohiyo Wamasai waliondoshwa Serengeti. Ulimwengu ulistaajabia nyika ile bila kumsikia aliyechunga ng'ombe humo.

Hata hivyo, neno linalofaa tunalo. Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyamapori. Kiini chake kilikuwa kwamba viumbe hao tumekabidhiwa tuwatunze kwa niaba ya vizazi vijavyo. Tamko lilikuwa la Kiingereza, lakini Kiswahili chake ni dhamana. Ni neno lilelile ambalo wana-TANU waliapia walipoahidi kukiona cheo kuwa dhamana. Basi uhusiano kati ya maumbile na maadili ya taifa hautafutwi kwenye bendera inayopepea. Umo katika neno hilo moja.

Atatokea wa kuniambia kwamba mchoma mkaa mwenye njaa hashibi msamiati. Ni kweli. Lakini mkaa wake huishia katika majiko ya Dar es Salaam, na mpishi wa Dar es Salaam hakuwapo chini ya miembe ile. Kivutio hakimdai mpishi huyo lolote. Dhamana humdai, kwa kuwa maji anayopikia hutoka Mto Ruvu. Tena dhamana ina pande mbili: aliyekabidhiwa kitu ana wajibu wa kukitunza, na ana haki ya kuulizwa kabla mpaka haujasogezwa na kupata fungu lake mapato yanapogawanywa. Anayetaka wanakijiji walinde msitu na awaite kwa jina hilo, kisha awape haki zake.

Hapa ndipo washairi tunapohitajika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala na wenzake walizitumia ngonjera kuyafikisha mawazo ya taifa kwa wananchi. Kwa nini filamu isifuatwe na ngonjera ya mchoma mkaa, mlinzi wa msitu na mpishi wa mjini, kila mmoja akijitetea kwa beti zake? Na simulizi la filamu liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, pamoja na wazee wa Kizaramo wanaojua jina la kila mti.

Katika misitu yetu hii anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku asiyepatikana popote duniani nje ya misitu michache ya pwani ya Tanzania. Sijapata kusoma shairi linalomtaja. Malenga wa Kibaha na Kisarawe, nawasubiri.