Mkimbiaji ni nani Kiplombe?

Kuna aibu moja ya ajabu inayowaandama wakazi wa Kiplombe na viunga vingine vya Eldoret wasiokuwa wanariadha. Karani au mwalimu wa umri wa makamo akiamua kukimbia kwa ajili ya siha yake, huchagua saa ya giza na njia isiyo na watu, mithili ya mtu aendaye kuiba. Akipitwa na vijana wanaojinoa kwa mashindano, husimama akajifanya anafunga kamba za viatu. Ukimwuliza iwapo yeye ni mkimbiaji, atacheka na kukana. Kwake, kujiita hivyo ni uayari mtupu.

Chanzo cha aibu hiyo twakielewa. Eldoret ndiko alikofanya maskani Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968. Kaptagat, si mbali na hapa, ndiko alikojifua Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019. Isitoshe, mbio katika nyanda hizi ni kazi. Zimelipa karo, zimenunua mashamba na kujenga nyumba za kupangisha. Atokwaye na jasho pasipo kutarajia ujira huonekana kama anayechezea jembe la mwenziwe. Aibu yake, basi, ina chembe ya heshima ndani yake.

Hata hivyo, lugha haimwungi mkono. Kiambishi -aji katika Kiswahili aghalabu hakipimi ustadi, bali hueleza mazoea. Msomaji ni yeyote mwenye desturi ya kusoma, hata kama ni gazeti tu. Aliyebobea katika elimu tumemtengea neno lake, msomi. Mfugaji wa mbuzi watatu ni mfugaji. Vivyo hivyo, mkimbiaji ni mwenye desturi ya kukimbia, na anayewatangulia wote huitwa bingwa. Wingi wa mabingwa wetu umetufanya tuyachanganye maneno haya mawili, na hasara yake haikomei katika kamusi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Nasi tulio maofisini, katika mji huu wa wakimbiaji, hupanda bodaboda kwa safari ya nusu kilomita!

Ayari halisi wa mbio wanajulikana. Mwaka 1980 Rosie Ruiz alivikwa taji la Boston, akavuliwa siku chache baadaye ilipobainika kwamba hakukimbia njia yote. Ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Kanada. Wamo pia wanariadha wetu kadhaa waliofungiwa kwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Hao walidai wasichokitenda. Mwalimu anayetumia saa nzima kwa kilomita nane hadai chochote.

Na hilo jembe analoogopa kulichezea, hulishika nani? Marathoni ya New York ilipoanza mwaka 1970, watu 127 walijitokeza na 55 wakamaliza. Mwaka 2023, Mkenya Hellen Obiri alipowashinda wanawake wote, waliomaliza walizidi 50,000. Wengi wao ni watu wa kazi nyingine kabisa, waliofika saa kadhaa baada yake. Ada wanazolipa ni sehemu ya fedha zinazoendesha mbio kubwa za namna hiyo, ambazo zawadi zake zimejenga nyumba hapa kwetu. Tumelishwa na watu wa mwendo wa pole, kisha twamcheka wa kwetu!

Waandaaji wa mbio za Eldoret, basi, wasiwe na haraka ya kung'oa hema mara tu washindi wanapokabidhiwa hundi. Wamwachie mwalimu huyo saa na maji pale mwishoni, na jina lake waliandike katika orodha ya waliomaliza.