MGENI AIFUATE NGOMA

Mwezi wa Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alilifunga Tamasha la Tatu la Kitaifa la Utamaduni katika Uwanja wa Majimaji mjini Songea. Katika ziara hiyo hiyo alishuka hadi Mbamba Bay, akaweka jiwe la msingi la bandari mpya, na akafungua barabara ya lami ya kilomita 66 itokayo Mbinga. Wananchi wa Ruvuma waliyafurahia yote mawili, na walikuwa na haki. Walakini tangu siku hizo mambo hayo yamekuwa yakizungumzwa mbalimbali: ngoma ni shauri la Afisa Utamaduni, na safari na wageni ni shauri la wengine. Rai yetu ni kwamba jambo hili ni moja, na kulitenga ni kulipoteza.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawana haja ya kuelezwa sana. Tangu Februari 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwakusanya wapenzi wa muziki ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja, na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilitangulia mwaka 1998. Mtu aliyekuja kusikiliza muziki usiku, mchana hafungiwi chumbani. Atapita Darajani sokoni, atasimama Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, atapotea vichochoroni na kuelekezwa na watoto, na jioni atakula Forodhani. Muziki umemleta, mji umemweka. Fedha yake imegawanyika kwa mpiga ngoma, mwenye nyumba ya wageni, mtembezaji na muuza mishikaki. Si kwamba mambo yote huko ni shwari: mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, na hilo ni onyo kwa yeyote anayedhani kuwa shughuli inayotegemea wafadhili imekwisha kujengeka.

Je, mwambao wa Ziwa Nyasa una nini cha kulinganishwa na hayo? Una mganda.

Asiyeuona mganda na auone. Wanaume wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wamejipanga safu kama askari, mbele yao kiongozi, nyuma yao ngoma kubwa. Na vibuyu vilivyozibwa kwa utando vinalia mfano wa tarumbeta. Wanawake wana kioda yao, nayo ina sare na vyeo vyake. Kijiji hualika kijiji, wageni hulala na kulishwa, na mashindano huendelea hata mshindi ajulikane, au hata pande zote mbili zijitangazie ushindi, kama ilivyo desturi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, ameonyesha kuwa ngoma hizi za gwaride ni za ukoo mmoja: beni ilianza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikabebwa bara na askari na wapagazi, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko ikazaa watoto wenye majina mengine. Kwa hiyo Mzanzibari aliyezoea kuiona beni ikipita mitaani, akifika Liuli au Lituhi hatakuwa mgeni. Atakuwa amekuja kumwona ndugu.

Na undugu huo hauko katika ngoma peke yake. Katika karne ya 19 watu wengi wa pande za Nyasa walifikishwa Kilwa na Unguja kwa minyororo, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hata mwaka 1873. Anayesimama Mkunazini akasikiliza habari za watu hao amesikia nusu ya habari. Nusu ya pili iko huku walikotolewa.

Mwenye kuja kwa ajili ya mganda atakuta mengi njiani. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mbinga ni mji wa kahawa, na milima inayouzunguka ina mashimo ya ngoro, kilimo ambacho Wamatengo walikibuni wenyewe ili mvua isichukue udongo wa miteremko yao; wataalamu wametoka mbali kuja kukisoma. Kutoka hapo barabara inateremka hadi ziwani. Liuli kuna jabali la Pomonda, ambalo kwa sura yake Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen. Ni hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Inasimuliwa kuwa manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na yule Mjerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Ni kisa ambacho mgeni yeyote angelipa kukisikia mahali kilipotokea, kikisimuliwa na kijana wa Liuli.

Lakini tutazame jinsi ngoma zetu zinavyotumiwa sasa. Kikundi kinaitwa kuja kumpokea kiongozi. Kinasimama juani tangu asubuhi. Mgeni rasmi akichelewa, ratiba inakatwa, na kinachokatwa kwanza ni ngoma: kikundi kinapewa dakika tano, na mganda wa dakika tano si mganda. Kisha wachezaji wanapewa soda na kurudi kwa miguu. Tusishangae basi vijana wakiona kuwa ngoma ni kazi ya kuwapendeza wakubwa, wakaenda zao kwenye bodaboda. Tukiwaleta watalii kwa mtindo huo huo, tutakuwa tumebadilisha tu anayekaa kivulini.

Kwa hiyo tunasema mgeni ndiye aifuate ngoma, wala si ngoma kumfuata mgeni. Mashindano yafanyike kijijini, kwa muda wake na kwa waamuzi wake, kama yalivyokuwa, nayo yapangiwe tarehe mapema. Majira yenyewe yapo: kiangazi, baada ya mavuno, kahawa ikiwa inauzwa Mbinga na watu wana fedha na nafasi. Tahadhari moja ni upepo wa mwera, ambao miezi hiyo hulichafua ziwa. Asiahidiwe mgeni safari ya mtumbwi kwa tarehe maalumu. Meli ya MV Mbeya II, iliyozinduliwa Januari 2021 kwa kubeba abiria 200, ilijengwa kwa ajili ya safari za ziwa hili, na ratiba ya ngoma ingefaa isomwe pamoja na ratiba ya meli.

Juu ya fedha hatutaki maneno ya kuzungukazunguka. Malipo ya kikundi yaandikwe kabla ya siku, yalipwe kwa kikundi chenyewe siku ile ile, na kijiji kinachopokea wageni kipate fungu lake. Mwananchi wa Mbinga asitozwe kiingilio cha mgeni wa ng'ambo. Sauti za Busara wamekuwa na bei tofauti kwa wenyeji, na jambo hilo linaigika. Idara za utamaduni za Unguja zina uzoefu wa miaka 20 na zaidi. Waombwe watume mtu mmoja aje akae wiki mbili Mbamba Bay, na huku nako kiteuliwe kikundi kimoja cha mganda kiende Unguja kikacheze mbele ya watu wanaoijua beni.

Bandari inajengwa, na itakapokamilika wenye mahoteli watakuja na mipango yao tayari mikononi. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Haziwezi kushindwa kukaa meza moja. Mavuno ya kahawa yajayo yasianze kabla kalenda ya mashindano ya mganda na kioda, kijiji kwa kijiji, haijabandikwa katika mbao za matangazo za Songea, Mbinga na Mbamba Bay, na nakala yake haijafika Unguja.