Ndege ndogo zinahitaji taa bora, ila si kwa njia za mkato

MNAMO Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa na watu 44 ikielekea Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo punde baada ya kupaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Dash 8 ilifaulu kurejea salama. Cessna ilianguka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na watu wawili waliokuwamo wakaaga dunia.

Mkasa huo ulitokea asubuhi, jua likiwaka, na itakuwa makosa kudai kwamba taa zingeuzuia. Hata hivyo, uliwakumbusha wadau kwamba ndege ndogo ni vigumu kuonekana angani hata mchana. Ndiposa suala la taa za kutua linafaa kutazamwa upya.

Wengi hudhani kuwa kazi ya taa hizo ni kummulikia rubani njia usiku. Nchini Marekani, sheria hailazimishi ndege ya kibinafsi isiyorushwa kwa malipo kuwa nayo, hata gizani. Lakini FAA, inayosimamia safari za ndege nchini humo, huwahimiza marubani kuiwasha usiku na mchana wanapokuwa chini ya futi 10,000, hasa wakiwa ndani ya maili 10 kutoka uwanjani. Lengo ni kuonekana.

Kikwazo ni balbu yenyewe. Ile iliyozoeleka katika ndege nyingi za zamani hutumia wati 100 na hukadiriwa kudumu saa 25 tu. Inapofungwa kwenye pua ya ndege, mtikiso wa injini huiharakishia kifo. Mmiliki aliyechoka kununua balbu huishia kuiwasha dakika za mwisho tu kabla ya kutua. Kwa sehemu kubwa ya safari, basi, ndege husafiri bila taa hiyo.

Taa za kisasa za LED zimeleta afueni. Hudumu maelfu ya saa na hutumia umeme kidogo, hivyo zinaweza kuachwa zikiwaka safari nzima.

Lakini hapo ndipo kishawishi kilipo. Taa za magari zenye mwanga mkali zinapatikana madukani kwa bei nafuu, na mwenye ndege anaweza kujiuliza kwa nini alipie zaidi ile iliyoidhinishwa. Wahenga walinena kuwa rahisi huwa ghali. Saketi ya LED duni huweza kuzua kelele katika redio, rubani akakosa kusikia maagizo ya waelekezi wa ndege. Nyaya zilizopitishwa karibu na dira huweza kuipotosha. Anayetafuta kuonekana anaweza kujikuta hasikii.

Kwa sababu hiyo, kifaa ambacho hakikuja na ndege kutoka kiwandani hakifai kufungwa kiholela. Kinahitaji idhini inayohusu aina hiyo ya ndege, mhandisi mwenye leseni, majaribio ya redio na dira taa zikiwaka, na kumbukumbu katika daftari la ndege. Anayekwepa hatua hizo anahatarisha pia cheti cha ndege na bima yake.

Hata hivyo, lawama zisiwaendee wamiliki pekee. Utaratibu ukiwa mrefu na ghali kuliko taa yenyewe, huwasukuma watu kwenye njia za panya. Marekani ililitambua hilo mwaka wa 2016 ilipoanzisha utaratibu mwepesi wa kuidhinisha vifaa vya usalama visivyo vya lazima. Halmashauri ya KCAA inaweza kupata funzo hapo: kulegeza masharti ya karatasi bila kulegeza ukaguzi wa kazi yenyewe.

Taa haitachukua nafasi ya macho ya rubani, redio wala waelekezi. Lakini katika anga yenye shughuli nyingi kama ya Wilson, sekunde chache za kuonana mapema zaweza kuokoa maisha.