Mafahali Wawili Zizi Moja

Mwezi huu tuzungumzie ugomvi ulioingia majumbani na madukani mwetu bila kualikwa: ugomvi wa vifaa vya kompyuta. Printa haichapi, mausi inarukaruka, diski ya kuhifadhia picha inaonekana na kupotea. Nasi wa Mchafukoge, kwa kuwa Kariakoo iko mlangoni, husema upesi, "Kimekufa hicho, tukanunue kingine." Fedha ya ada inapungua, na mara nyingine kifaa kipya nacho kinafanya yaleyale.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna vifaa viwili vinavyogombea tundu la kuchomekea, au kile kinachopita katika tundu hilo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hapa nchini tulichelewa kuuona ugomvi huu, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta. Zilipoenea maofisini miaka ya 1990, nyingi zilikuwa na matundu ya aina moja yenye namba. Kwa kawaida namba 1 na namba 3 yalitumia njia moja ya kuiita kompyuta. Ukiweka mausi kwenye la kwanza na modemu kwenye la tatu, kimoja kikizungumza kingine kilinyamaza. USB, iliyotolewa mwaka 1996, ilikusudiwa kumaliza matatizo ya namna hiyo. Iliyapunguza sana, lakini bado kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, umeme. Tundu la kawaida la USB 2 hutoa miliampia 500, na la USB 3, ambalo mara nyingi ni la bluu kwa ndani, hutoa 900. Ukitumia kile kidude cha kuongeza matundu kisicho na adapta yake, vifaa vyote vinagawana sahani moja ya chakula. Diski hushiba nusu, hulia tik-tik, kisha hupotea katikati ya kunakili. Hapo hesabu za kikoba au picha za harusi zinaweza kuharibika. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, au tafuta kidude chenye adapta ya kuchomeka ukutani.

Pili, kelele. Vifaa vya USB 3 vinapofanya kazi hutoa mawimbi yanayoingilia yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na mausi nyingi zisizo na waya. Kile kipokezi kidogo cha mausi kikikaa ubavuni mwa diski, mausi hurukaruka. Kihamishie upande wa pili wa kompyuta.

Tatu, kufanana. Matundu ya C yana sura moja lakini si kazi moja: lingine hupeleka picha kwenye runinga, lingine huchaji tu. Hata waya ni hivyo hivyo. Zipo za bei nafuu zenye nyuzi za kuchaji peke yake. Simu itajaa chaji, lakini picha hazitahama.

Nne, mazoea ya kompyuta yenyewe. Mama mmoja mwenye duka la steshenari mtaani kwetu alikuta printa haichapi. Alimshuku msichana wake wa kazi kwamba ameiangusha, na alikwisha kukusudia kumkata mshahara. Tulipokaa naye kuangalia, msichana alieleza kwamba alichomoa waya wakati wa kufuta vumbi, akaurudisha tundu la pembeni. Basi! Kompyuta ya Windows inaweza kuihesabu printa ileile kuwa ni nyingine ikibadilishiwa tundu. Huipa jina lilelile na kuongeza neno "copy", huku kazi zikiendelea kupangwa foleni kwenye jina la zamani. Waya uliporudishwa tundu lake, karatasi zilitoka mfululizo. Mshahara wa binti wa watu ulikuwa unaondoka kwa sababu ya tundu.

Sasa tupime vipi? Sisi wauguzi tumezoea kwamba mgonjwa hubadilishiwi dawa tatu kwa mpigo, maana hutajua ipi iliyomponya. Chomoa vyote, acha kibodi na mausi. Zima kompyuta, uiwashe. Chomeka kifaa kinachosumbua peke yake. Kikigoma, badili tundu. Kikigoma tena, badili waya. Mwisho kijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Kikifanya kazi huko, kifaa ni kizima na tatizo liko kwako. Kikigoma kote, hapo ndipo uende kwa fundi. Kikikubali kikiwa peke yake, rudisha vingine kimoja kimoja; kile ambacho baada yake matatizo yanarudi, ndicho fahali wa pili.

Ukienda dukani, chukua waya wako wa zamani mkononi, wala usitegemee kuueleza kwa maneno. Omba ujaribishiwe kabla ya kulipa. Nyumbani, bandika kikaratasi kwenye kila waya na tundu lake, ili anayefuta vumbi ajue pa kurudishia.

Na kabla ya kumgombeza mtoto au msichana wa kazi, mwulize kwa upole: "Ulichomoa nini, ukarudisha wapi?" Swali hilo halina gharama, na huenda likaokoa fedha ya printa na heshima ya mtu.